Winga wa Kushoto wa Pongwe

Jumapili, baada ya isha

Na yule winga wa kushoto bado sijamwandikia alama. Vijana wengine wote niliowatazama leo Pongwe nimewamaliza. Klabu inataka majina kesho, kabla usajili haujafungwa.

Ndiye bora kuliko wote. Cheti chake kinasema Bakari, miaka kumi na saba. Lakini nilimwita Bakari mara tatu hakugeuka, nikajua huyu ni kijeba, kaka mtu anayetembelea cheti cha mdogo wake. Michezo hii imenichosha.

Nilimfuata mama yake, aliyekuwa amekaa nyuma ya goli. "Shikamoo mama. Bakari mwenyewe yuko wapi?"

"Marahaba, mwalimu. Bakari tulimzika ana miaka minne. Huyu ni Hamisi, kaka yake." Hakujitetea hata kidogo. "Nakuomba usimchukue. Si kwa ajili ya umri."

Nikamuuliza ni kwa ajili ya nini basi.

"Tangu apewe cheti kile tunamwita Bakari hata nyumbani, ili alizoee jina. Tukiita, Hamisi husahau kuitika." Akatazama uwanjani. "Anaitika mwingine, kutoka uani. Sauti ya mtoto."

Nimemkata; jina Bakari limebaki kwenye orodha, nimelipigia mstari tu. Klabu nitawaambia ni umri, na si uongo.

Kwa kawaida mimi husoma orodha kwa sauti kabla ya kuituma, nisikie kama kuna jina nimelikosea. Mke wangu kasafiri, nyumba nzima niko peke yangu. Leo nimeisoma kimya kimya.