Kabla Injini Haijapata Moto

Kirumba, Mwanza

Mama Neema wangu,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na mwanetu. Je, kifua cha Neema kimepoa? Mahindi mmeshavuna? Mimi mwili ni mzima, ila leo sikuandikii ile "huku kwema" yangu ya siku zote. Huku nina upweke, mke wangu. Uliniuliza kama uje au ukae huko Songea, nami nikakujibu ungoje mpaka nipate vyumba viwili. Nilijibu kwa kichwa kigumu. Ngoja nikueleze kilichonitokea.

Kuna mama mmoja anauza samaki pale soko la Mwaloni, anaitwa Mama Kabula. Ana pikapu kuukuu iliyotolewa injini yake ya zamani, ikapachikwa ya Kijapani, ya mitumba, kama zilivyojaa siku hizi tangu biashara ifunguliwe. Asubuhi ikiwashwa inatetemeka, inakohoa, usipokanyaga mafuta inazima. Ikishapata moto, shwari kabisa. Mafundi wengine walibadilisha plagi, wakasafisha kabureta, wapi!

Ikaletwa gereji kwetu. Nikaiwasha, inanguruma vizuri. Kesho yake hivyo hivyo. Kumbe dereva wake, Masanja, kila siku anaipasha moto nyumbani kwanza ndipo anaileta! Nikamwuliza, we Masanja, mbona unanitesa hivi? Akasema, "Fundi, gari la bosi nilipitishe sokoni linakohoa? Watu si watanicheka!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mgonjwa anaponywa nyumbani halafu ndipo apelekwe hospitali! Na kuilaza gereji Mama Kabula hataki, anaogopa itanyofolewa vifaa. Basi nikasema nitaifuata kwake Ilemela, niikute ya baridi.

Nilifika kumekucha tu. Kabla sijafungua boneti, mama yake Mama Kabula, kikongwe wa Kisukuma, akatoka jikoni. Nikamwambia "mwangaluka", ndiyo salamu ya kwao ya asubuhi ninayoijua, kisha nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Weka chini hiyo spana. Hapa kwangu mtu hashiki kazi hajatia kitu tumboni."

"Bibi, jua likiipiga gari, kazi imeharibika."

"Jua lenyewe lina haraka gani?"

Akanikalisha mkekani na wajukuu, michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na chai ya maziwa, Masanja pembeni anacheka. Mama Neema, sijakaa kula na watu wa nyumba moja tangu niagane na ninyi. Nikainamisha uso kwenye kikombe, nikasingizia chai ina moto.

Bahati kulikuwa na wingu. Nikaiwasha, ikaanza kutetemeka. Nikachota maji kwa kikombe, nikamwagia kidogo kidogo pale kabureta inapokaa juu ya injini. Mara ngurumo ikatulia! Nikajua inavuta hewa pale pale. Aliyeipachika ile injini alikata gasketi ya karatasi ya boksi kuziba pale maungioni. Ikiwa baridi inaacha mwanya, vyuma vikipata moto vinatanuka, mwanya unaziba. Nikafungua, nikakata gasketi ya kweli, nikafunga. Lakini kazi ya namna hii huwezi kuiamini mpaka injini ilale ipoe, kwa hiyo asubuhi ya pili nikarudi. Nikala tena, nikawasha. Ikashika mara moja, imetulia tuli. Masanja akapiga vigelegele.

Bibi akaniuliza, "Na kesho unakuja mapema?"

Masanja akamjibu, "Bibi, gari limepona. Fundi haji tena."

"Aa," akasema bibi, akakusanya vikombe.

Nikatelemka na vyuma vyangu begani, nikitamani ile gari iharibike tena. Mimi, fundi! Jioni nilisonga ugali wa mtu mmoja, nikauacha kwenye sufuria. Nililia, sikufichi.

Nisalimie mama mkwe, mwambie shikamoo yake naituma kwa magoti yote mawili. Msalimie kaka Kosmas anayekusaidia shamba, na shangazi Agatha, najua ananiombea kila Jumapili.

Chumba bado ni kimoja, na nyuma ya kitanda ukuta ni jiwe la mlima. Tutabanana. Usinijibu kwa barua, Mama Neema. Mshike mtoto mkono, mje.

Mumeo anayekungoja,
Baba Neema