Mechi ya Saba Uliyotuficha, Papa Lucien

Mwaka umetimia, Papa Lucien, tangu ulipotuacha hapa Anderlecht. Kiti chako kingali pale dirishani, na kila Jumapili maman Antoinette anakuwekea sahani ya bukari na sombe kana kwamba umechelewa metro tu.

Ulikuwa mtu wa watu. Miaka kumi na tisa ulifua jezi za klabu ya raga na kuchora mistari ya uwanja kwa chokaa, wala hatukukusikia ukimfokea mtu. Sokoni Gare du Midi ulinunua kofia kuukuu ya Treharne, mchezaji wa raga wa Wales aliyeanza kuichezea nchi yake mwaka 1908. Alikuwa mchimba makaa, nawe ulimpenda kwa kuwa baba yako alichimba shaba Kipushi. Ukafuatilia habari zake hata ukazijua kuliko za ukoo wako. Tulikucheka sana.

Mechi zake sita za kwanza za taifa ulitusimulia mpaka binti yako Laetitia akaingia uwanjani mwenyewe. Akikuuliza ya saba, ulisema, "Bon, ile nitakuelezea siku ingine."

Ulipoondoka, maman alilikuta daftari ulimoandika habari za Treharne. Alisoma, akalificha chini ya vitenge. Mwezi uliopita Laetitia aligongwa kichwa mazoezini, akamwambia, "Maman, usiambie munganga wa timu. Ni kichwa tu inaniuma kidogo." Maman hakumwambia mtu. Lakini anamwona mtoto akishika ukuta anapoinuka, na Jumamosi ijayo ataichezea timu ya taifa mara ya saba. Maman anaogopa, Papa.

Nyumbani maman akianza kumweleza, Laetitia humkatiza kwa kicheko. Hapa kanisani, kwenye misa yako, jina la baba likisomwa, mtoto hakatizi. Kwa hiyo utusamehe, siri yako tunaitoa hapa. Treharne aligongwa kichwa katika mechi ya sita, akaficha asije akaachwa nje ya timu. Ya saba aliicheza dakika kumi na moja, akaanguka, hakuinuka tena. Alikuwa na miaka ishirini na minne, kama Laetitia. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Wanaokukumbuka ni dada yako Sidonie. Mwanao Guylain, anayesoma haya. Mkeo Antoinette, aliyekaa benchi ya mbele amemshika Laetitia mkono. Na Laetitia, ambaye kesho asubuhi atapelekwa hospitali kwa munganga, atake asitake.

Wewe tutakukumbuka siku zote, Papa. Karatasi nyingine kama hii hatutaki kuiandika.