Kitovu cha Mtoto wa Rosena

Alhamisi, 14 Septemba

Daraja letu la mpakani walishalifunga. Leo redio inasema kesho jirani zetu Wadominika wanafunga mipaka yote – nchi kavu, bahari, hata anga. Kisa mfereji tunaouchimba kutoka mtoni. Mto ni wetu sote! Mkataba upo, tulifundishwa shuleni. Lakini dada Rosena yuko ng'ambo, Dajabón, anapika kwa mama mmoja wa Kidominika, Doña Nereida, na mimba yake imetimia. Alikuwa aje kujifungulia nyumbani.

Ijumaa, 15 Septemba

Siku ya soko bila soko. Nimewapelekea wachimbaji wali na maharage. Ni konbit – kila mtu na sepetu yake, ngoma mbele, bosi hakuna. Mjomba Anel akanitania mbele ya wavulana: we bubu, chumvi umeileta au umeiacha nyumbani? Niliona haya. Najivunia mfereji ule. Na nauchukia kidogo, Mungu anisamehe.

Jumapili, 17 Septemba

Msichana!! Rosena kajifungua chumbani kwa Doña, na Doña mwenyewe ndiye aliyempokea mtoto. Hospitali aliogopa – wajawazito wetu hukamatwa huko na kurudishwa.

Bibi Zélie kalia, kisha akaagiza: kitovu kikidondoka, kiletwe. Keshatenga mche wa mshelisheli wa kupanda nacho uani. Mama akasema, "Mama, mpaka umefungwa!"

"Mimi nilizaliwa ng'ambo hiyo," Bibi akamjibu. "Mwaka wa thelathini na saba, askari wao walipowaua watu wetu, nilivushwa mto mgongoni mwa mama, nikiwa kichanga. Kitovu changu kiko kule, sijui sasa ni shamba la nani. Huyu asiwe kama mimi."

Mama akachukua simu, akamwambia Rosena.

Jumatatu, 25 Septemba

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Rosena. Kimedondoka! Kesho Doña atakileta mtoni. Nyuma yake mtoto analia – sauti nene kama ya Mjomba. Nimeusikiliza mara nyingi mno, simu imezima.

Jumanne, 26 Septemba

Naandika juu ya jiwe, kando ya mto. Mama yuko mferejini, nimekuja peke yangu. Hapa maji ni ya magotini tu. Doña Nereida kaja mwenyewe ng'ambo ya pili, mnene, anahema, leso nyeupe mkononi. Askari wao kamzuia.

"Mwanangu, hii si bunduki!" Doña kamfokea. "Wewe kitovu chako alikuzikia nani?"

Askari kafungua leso. Doña kamwonyesha nilipo. Halafu askari akainua uso akaniita mimi – mimi! Mtoto wa kitovu hiki ni nani wako?

Wanawake waliokuwa wakifua wote wakageuka. Nikapiga kelele hadi koo likauma:

"Mimi mama yake mdogo!"

Kaikunja leso tena, taratibu, pembe kwa pembe. Sasa anaongea na mkubwa wake kwenye redio. Doña hajaondoka. Nami nimeshavua viatu; akikubali tu, naingia majini –