Ngozi Baridi Haiimbi

Jumatatu, 3 Machi
Nimesahihisha karatasi za fizikia za Kidato cha Tatu. Aibu tupu. Baba ameiweka nyatiti yake, kinubi chetu cha Kiluo, karibu na jiko tena, ngozi ikaze. Nimemgombeza. Nyuma ya ngozi nilimbandikia kisahani cha kauri kinachogeuza mtetemo kuwa umeme wa spika. Kinafanya kazi kwa sababu chembe zake zimeelekezwa upande mmoja. Muda huzilegeza kidogo kidogo. Moto huzivuruga upesi. "Nyara, binti yangu, ngozi baridi haiimbi," akasema. Mkaidi.

Alhamisi, 6 Machi
Spika inanong'ona tu. Nilisema! Ukumbusho wa Mama ni Jumamosi ya wiki ijayo, hapa nyumbani Asumbi. Kabla Mama hajafa, Baba alimwahidi wimbo. Lakini tangu apate kiharusi vidole vyake ni dhaifu. Bila spika hatasikika hata mlangoni. Naogopa. Hatapiga mwingine baada ya huo, na anajua.

Jumapili, 9 Machi
Maabara ya shule, baada ya misa. Nimekibandua kisahani, nikakichovya kwenye mafuta ya kupikia ya moto, nikakipa volti za juu. Joto hulegeza chembe, umeme huzigeuza zielekee pamoja. Umeme hauzimwi mpaka mafuta yapoe. Ukiwa na haraka, zinarudi ovyo. Baba alikaa kwenye stuli akingoja. Akauliza mbona mkono wake haufundishwi hivyo. Nikatazama kipimajoto.

Jumanne, 11 Machi
Nimekibandika. Baba kagusa uzi mmoja, kuku wakatimka! Tumecheka mpaka machozi. Ameapa hataipasha moto tena. Mwongo huyo.

Ijumaa, 14 Machi
Baba amefariki asubuhi. Kiharusi cha pili. Kesho ilikuwa siku yake ya kupiga. Shangazi amefika kutoka Mbita, akaanza kulia tangu getini. Mimi silii. Nina hasira na Mungu. Nina hasira hata na kile kisahani, kilichopona.

Jumapili, 30 Machi
Tumemzika jana, kando ya Mama. Wageni wengi wameondoka. Mvua imenyesha, ngozi ya nyatiti imelegea. Nyatiti si ya wanawake, wazee husema. Baba aliniruhusu kugusa nyuma tu.

Najua moto utakifanya nini kisahani. Nimewasha jiko, nikaiweka karibu, nikangoja ikaze. Kisha nikagusa uzi mmoja.

Spika sikuiwasha.