Birika Linarudi Limejaa

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Chooni tena tangu alfajiri. Bure. Siku ya nne leo. Tumbo gumu kama jiwe. Mimi huyu, niliyemaliza mguu mzima wa ngamia kule Kutulo, fisi wakalia kwa kukosa hata mfupa! Mchana nikatafuna miraa na wenzangu wa mtaa wa Iftin. Chai ya rangi, vikombe saba. Wakauliza mbona nakaa upande mmoja. Nikasema ni jeraha la zamani la simba. Wakaamini. Wawili.

Jumanne, 5 Agosti
Nimejitibu mwenyewe. Dawa ya marehemu baba: mafuta ya nundu ya ngamia, yayeyushwe, yanywewe ya moto. Yeye alikuwa akinywa kikombe. Mimi nimekunywa sufuria. Nikangoja. Kichefuchefu tu. Jioni nikarudi kwenye miraa kutuliza mawazo.
Naogopa. Ijumaa namwoza Hodan, binti wa marehemu kaka yangu. Walii wake ni mimi, hana mwingine. Nikilazwa hospitali, wakwe waliotoka Mandera watarudi bila nikaha, na watu watasema yatima kakosa hata wa kumwoza.

Jumatano, 6 Agosti
Hodan ndiye hunijazia birika la chooni kila asubuhi, tangu aje kwangu akiwa na miaka sita. Leo kalipokea mlangoni, akalipima mkononi.
"Adeer, ami yangu, hili birika linarudi limejaa tangu Ijumaa."
Nikamwambia mtu aliyelelewa nyikani hutumia maji kidogo. Hakucheka.
"Na ile sufuria ya mafuta nimeiosha mimi. Unakunywa dawa, halafu unaifungia mlango kwa miraa na chai kavu."
Aibu. Akachukua miraa yangu yote akawapa mbuzi. Sikumzuia.

Alhamisi, 7 Agosti
Leo natawaliwa na bibi harusi. Maji ya uvuguvugu vikombe viwili kabla ya kitu chochote. Ukwaju uliolowekwa tangu jana. Maziwa mabichi ya ngamia, yale yanayowakimbiza wageni vichakani. Wanawake wakamwita apakwe hina, akasema wangoje amalize kunikatia papai. Papai zima nimekula, la shamba la mtoni, tamu. Kisha akanituma nitembee hadi daraja la Tana na kurudi. Nilizipita Land Rover mbili njiani. Wallahi.
Magharibi tumbo likaanza kunguruma. Hata ngurumo ya mvua sijawahi kuifurahia hivi.

Ijumaa, 8 Agosti
Alhamdulillahi. Kabla ya alfajiri. Nimetoka mwepesi, upepo ungenifikisha Wajir.
Nikampa Hodan birika. Tupu. Akageuka upande, mabega yakamtikisika kwa kicheko.
Mchana nimeketi mkekani, miguu nimekunja, nikashika mkono wa yule kijana, nikayasema maneno yote ya nikaha bila kukunja uso. Wenzangu wakauliza habari za jeraha la simba. Limepona, nikasema.
Kaka, Mungu akurehemu. Miaka yote nimejisifu kwamba nimemlea mtoto wako.

Jumamosi, 9 Agosti
Wameondoka asubuhi kwenda Mandera. Nyumba imekuwa kubwa.
Jikoni nimekuta papai moja, limefunikwa kwa sahani. Nimelila polepole. Miraa sijanunua.
Maji ya uvuguvugu, vikombe viwili. Birika nimelijaza mwenyewe.