Wadudu Wamekufa Wote

2 Juni 1986

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. U hali gani huko, na kazi inakwendaje? Mimi ni mzima, ila mgongo, na mgongo si habari mpya. Habari mpya ni ya mdogo wako, na si nzuri, kwa hiyo kaa kwanza.

Chiriku amelazwa. Alianza kukohoa pale kiwandani, akaendelea kubeba trei za mikate siku tatu akisema ni vumbi la unga tu. Siku ya nne nilimkuta ameegemea mlango wa karakana yangu, anatetemeka, midomo imebadilika rangi. Daktari anasema ni homa ya mapafu, pande zote mbili. Wanamchoma sindano kila baada ya saa sita, na puani wamemwekea mpira unaoleta hewa kutoka kwenye mtungi mkubwa wa chuma. Mtungi wenyewe umeunganishwa ovyo kabisa, lakini kwa mara ya kwanza maishani nimeona kazi mbovu nikanyamaza.

Muuguzi amemkataza kuongea. Unamjua mdogo wako, anaweza kukusimulia safari ya dukani saa nzima. Sasa anasema maneno mawili, anapumzika, anasema moja. Ukimya huo unanitisha kuliko kikohozi.

Kohozi lake wamelipeleka kwenye maabara ya hospitali yenu, maana darubini ya hapa imevunjika. Litafute. Wewe ndiye msomi wetu. Wengine wakisema nasikia, ukisema wewe naamini. Mama yenu angekuwa hai ningekuwa na mtu wa kusumbuana naye uso kwa uso, lakini niko peke yangu hapa kwenye benchi. Niandikie upesi.

Wako,
Baba


6 Juni 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Pole sana, na mgongo nao pole. Barua yako niliisoma nimesimama, ingawa ulisema nikae.

Nimelipata! Kichupa chenye jina lake kilikuwa cha tisa kwenye foleni. Nilikipitisha mbele, mkuu wangu akanitazama, akageuka kama hajaona. Nikapaka kohozi kwenye kioo, nikatia rangi, nikakipitia chini ya darubini pembe zote. Baba, hakuna mdudu. Nikaandaa kioo cha pili, nikidhani nimekosea. Hata huko, hakuna hata mmoja. Sindano zimefanya kazi. Wadudu wamekufa wote!

Majibu rasmi yatapita ofisi tatu kabla ya kutoka, kila moja na muhuri wake. Mimi sisubiri mihuri. Barua hii nampa dereva wa gari la dawa, anakuja huko kesho. Mpe Chiriku aisome mwenyewe. Mwambie nikija likizo nataka kusikia yote aliyokatazwa kusema, bila kuruka hata neno.

Binti yako mwenye furaha


17 Juni 1986

Baba,

Shikamoo. Hamjambo? Siku kumi zimepita sijapata hata mstari. Najifariji kwamba Chiriku amerudi nyumbani na anakuzuia kuandika kwa maneno yake.

Kama bado yuko wodini, msimharakishe. Abaki na ile hewa mpaka daktari mwenyewe aseme basi. Nilipaswa kuliandika hili mara ya kwanza.

Nijibu, tafadhali.

Binti yako


21 Juni 1986

Mwanangu,

Salamu. Mimi nipo.

Chiriku hatunaye. Alifariki Jumatano, tarehe kumi na moja, tukamzika kesho yake. Nilikwenda posta mara mbili kukupigia telegramu. Mara ya kwanza zamu yangu ilipofika nikanunua stempu, nikatoka. Mara ya pili sikuingia. Umekosa mazishi ya mdogo wako kwa sababu yangu, na ninajua hilo halifutiki.

Ngoja nikueleze. Barua yako ilifika tarehe saba. Daktari alisema kutoonekana kwa wadudu ni jambo jema, ila mgonjwa bado hajapona, anahitaji hewa kama wiki moja zaidi. Nikamwambia binti yangu ameona kwa macho yake, na wewe hata darubini huna. Nilimwambia mbele za watu. Nikatia sahihi, nikamchukua mtoto. Usitafute wa kumlaumu. Ni mimi niliyemtoa.

Siku ya kwanza alikunywa chai, akatabasamu. Ya pili alikaa wima kitandani kutwa, hataki kulala. Alisema akilala anazama. Ya tatu usiku nilimrudisha hospitali kwa mkokoteni wangu wa mabati. Mtungi wake ulikuwa umeshapewa mgonjwa mwingine. Walikwenda kutafuta mwingine, na ulipokuja haukuwa na kazi tena.

Nieleze kitu kimoja tu, wewe uliyesoma. Kama wadudu walikuwa wamekufa, nani aliyemuua mwanangu?

Baba yako


28 Juni 1986

Baba,

Shikamoo. Hali yangu sina namna ya kuieleza. Nimelia mpaka mkuu wangu amenifukuza maabara nikapumzike, na nyumbani hakuna cha kupumzikia.

Umeuliza nani. Nitakujibu kama ulivyonifunza kujibu, bila kuzungukazunguka. Ni mwili wake mwenyewe.

Wadudu wakiingia mapafuni, mwili hutuma askari wake, chembe nyeupe za damu. Hupenya kwenye kuta za mishipa, huwameza wadudu na kuwamwagia sumu kali. Bila askari hao Chiriku hata wodini asingefika. Lakini sumu hiyo haichagui. Inamuua mdudu na inakula pafu pia. Ile tindikali unayopaka kwenye bati kabla ya kulehemu unaijua. Inaondoa uchafu, na usipoifuta inatoboa bati lenyewe. Ndivyo ilivyokuwa. Kuta zikishatoboka, majimaji ya damu yanavuja na kujaa kwenye vifuko vya hewa. Na mwili ukiona uharibifu ule unadhani adui bado yupo, unaleta askari wengine. Wadudu walishakufa, Baba, vita ikaendelea bila wao. Aliposema anazama hakuwa anaweweseka. Alikuwa anazama kweli. Ile hewa ya mtungi haikuwa dawa, ilikuwa ya kumpa muda mpaka askari watulie. Labda wangetulia. Labda wasingetulia. Sitajua kamwe.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Niliziona. Kwenye kioo hakukuwa na mdudu, lakini chembe nyeupe zilikuwa zimejaa, zimebanana, nyingi zimepasuka. Maana yake naijua, ndiyo kazi yangu. Kwenye fomu ya daktari niliandika: nyingi mno. Kwenye barua yako sikuandika. Nilikuwa na furaha, na nilitaka na wewe uipate nzima, isiyo na doa. Nikajiambia daktari ataisoma fomu. Nimeangalia daftari letu: fomu ilifika huko tarehe kumi na tatu. Tayari mlikuwa mmeshamzika.

Kwa hiyo usijibebeshe mzigo wa mwingine. Uliamini nilichokuandikia. Barua ile ichome, nakuomba. Kila nikifumba macho naisoma. Na uniambie kama nije au nisije.

Binti yako


9 Julai 1986

Mwanangu,

Salamu. Barua yako nimeisoma mara nne. Sikuulizi hali, naijua.

Maisha yangu yote nimesema kikulacho ki nguoni mwako, nikiwafikiria majirani. Sikujua kuna ndani zaidi ya nguo.

Nimekukasirikia, na nasema wazi. Siku mbili sikufungua karakana. Nilikaa humu ndani nikikugombeza kwa sauti kama uko mbele yangu. Mstari mmoja, mwanangu. Mstari mmoja ulikushinda?

Halafu nikanyamaza, kwa sababu hata mimi nimekuficha. Nilikuandikia kwamba nilimtoa mimi. Si kweli. Nilimpa barua aisome, kama ulivyoagiza. Alipomaliza akauvua mpira puani kwa mkono wake, akaketi, akawatangazia wagonjwa wote: dada yangu kasema wamekufa wote. Wodi ikampigia makofi. Nilimsihi abaki, na muuguzi akamsihi. Yale maneno ya darubini alimwambia daktari yeye, akipumua katikati ya kila neno. Daktari alitaka sahihi ya mzazi. Hiyo tu ndiyo yangu, na inanitosha.

Ndiyo maana sikukuita mazikoni. Ungefika, wauguzi wangekueleza, na nilitaka lawama iishie kwangu, mimi nimeshazeeka, nayo haitakaa sana. Tumefichana kwa mapenzi, wewe huko na mimi huku, na aliyekuwa katikati yetu amekufa. Nisingekuambia haya kama usingeniambia yako. Sasa yamesemwa, na sioni yamemsaidia nani.

Umeuliza uje au usije. Sijui. Nikikuona nitalia, nisipokuona nitalia. Nyumba hii haina tena mtu wa kuongea, na mimi sijawahi kujua kuanzisha mazungumzo. Amua wewe.

Barua uliyosema niichome sinayo. Tangu aliposhuka kitanda cha hospitali hakuiweka chini, hata kwenye mkokoteni alikuwa ameishika. Wanawake waliomwandaa walitaka kuitoa mkononi, nikawaambia wamwachie. Amezikwa nayo.

Baba