Mama Mkwe Anabadilisha Beberu, na Mimi Ndiye Nashika Kamba

Mpendwa Mama Firdaus, naomba unisaidie mapema kabla mbuzi wa rafiki yangu hajaingia joto tena, kwa maana akiletwa hapa kwetu mimi ndiye nitaitwa kumshika, na sitaki kumshika tena.

Mimi ni mke wa mtu hapa Gatuanyaga na tunaishi boma moja na mama mkwe wangu, mjane, ambaye tangu tupate watoto sote tunamwita Cucu. Tuko kwa kikundi cha akina mama wanaofuga mbuzi wa maziwa, wale Toggenburg wa kahawia wenye mistari myeupe usoni, na beberu wa kikundi anawekwa kwa Cucu kwa sababu hakuna anayeaminika kama yeye, hata funguo za kanisa zinalala kwake. Beberu wa kwanza ndiye baba wa karibu mbuzi wetu wote, kwa hivyo tulimpeana kwa kikundi kingine cha mbali nao wakatupa wao, anaitwa Meja, ili ndugu wasipandane. Hiyo ndiyo sheria yetu kubwa, na hata mtoto wa shule hapa anaijua.

Sasa Meja aliumia nyonga akashindwa kupanda, na Cucu badala ya kuambia kikundi akaanza kutumia dume changa alilokuwa nalo, mtoto wa yule beberu wa kwanza, ambaye ukimsimamisha kando ya Meja utatatizika kujua yupi ni yupi. Zamani mwenye mbuzi alikuwa anasimama pale bandani aone kwa macho yake, lakini kwa Cucu watu waliacha hiyo desturi, wanaingia jikoni, chai haikosi, wanacheka, na mbuzi anapelekwa nyuma kisha anarudishwa. Mimi nilikuja na mzigo wa nepia nikakuta amemfungulia yule mdogo, nikauliza, akaniambia, "Kwani hii si Toggenburg pia? Rangi ni ile ile. Wewe shikilia hapo, usisimame tu." Nikashika. Na tangu siku hiyo nimeshika mara nyingi.

Mama Firdaus, usimwone Cucu kama mtu mbaya, alinipokea nikiwa sina hata sufuria, nilipojifungua alinilisha njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, kwa mkono wake, hajawahi kunisema mbele ya watu, na tangu mzee wake aondoke hawa akina mama wanaoleta mbuzi ndio wageni wake, siku isiyo na mbuzi anakaa mlangoni akiangalia barabara tu. Nilimwambia mume wangu, Mburu, anayefanya kazi Ruiru na kuja wikendi, akasema, "Wewe achana na hiyo story. Mathe akiaibika, sisi tutaangalia watu na macho gani?" Kwa hivyo nimenyamaza, lakini rafiki yangu Ndanu, mbuzi wake alizaa mtoto mwenye taya limepinda, hakuweza kunyonya, akafa, na wengine kwa kikundi sasa wanasema Ndanu hulaza mbuzi njaa. Alikuja kwangu akaniuliza, "Wanja, niambie ukweli, ama ni mimi nilimnyima chumvi?" Nikamwekea chai. Anataka kumrudisha mbuzi wake kwa Cucu. Nikisema nitavunja nyumba, nikinyamaza nitapoteza rafiki, nifanye nini?

Wanja, Gatuanyaga

MAMA FIRDAUS ANAJIBU

Wanja, mimi mbuzi ninayemjua vizuri ni wa Idd, na huyo hatuulizani babake ni nani. Lakini watu ninawajua kidogo, na barua yako nimeisoma nikaona umenieleza wema wa Cucu kwa pumzi moja ndefu, halafu Ndanu ukamtafutia nafasi mwishoni, baada ya mumeo na wikendi zake.

Nakuhurumia. Kuishi boma moja na mama mkwe aliyekulisha njahi si mchezo, na mdomo unakuwa mzito. Ila usiniambie umenyamaza. Aliyenyamaza ni Mburu. Wewe umeshika mbuzi, umemrudisha kwa mwenyewe, na umemwangalia Ndanu akijilaumu kwa kosa ambalo mkono wako ulikuwamo.

Kuhusu Cucu, jibu umeliandika mwenyewe, sijui kama uliliona. Huyo mama haogopi kikundi. Anaogopa kukaa mlangoni akiangalia barabara. Meja akitoka, anadhani wageni watatoka naye. Hilo linanisikitisha kweli, lakini upweke wake haumpi ruhusa ya kuharibu kizazi cha mbuzi wa jirani. Na siri hii haidumu. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kimeshaanza kwa Ndanu. Watoto wengine wa dume hilo wako kwenye mabanda ya watu, nao kesho watazalishwa bila mtu kujua.

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla watu hawajaanza kuingia, kaa na Cucu peke yenu. Usiende na Mburu, atakuharibia. Mwambie kwa heshima, lakini bila kuzunguka, kwamba hutashika mbuzi tena kwa dume lile, na kwamba kikundi kitajua wiki hii. Mpe nafasi ya kusema mwenyewe, pale pale jikoni kwake, na wewe ukae kando yake useme, "Mimi ndiye nilikuwa nashika." Asibebe aibu peke yake. Akikataa, utasema wewe, na atakasirika, na utavumilia. Meja aitiwe daktari wa mifugo, dume changa lihasiwe au liende kwa mchinjaji, na kila mwenye watoto wa dume hilo aambiwe ni wepi. Na ile desturi ya mwenye mbuzi kusimama bandani akaona irudi, hata kwa mwenye funguo za kanisa. Mtu mwaminifu shahidi hamsumbui.

Kikundi kikiamua kumpeleka beberu boma lingine, wewe endelea kualika akina mama kwa Cucu, na wa kwanza kualikwa awe yule mwenye kinyongo zaidi. Hiyo ndiyo shukrani ya njahi aliyokulisha, si kumshikia kamba.

Lakini kwa Ndanu usingoje kikao. Kesho hiyo hiyo, ukitoka kwa Cucu, akubali asikubali, pitia kwake. Alikuuliza swali, nawe ukampa chai. Nenda umwambie chumvi ilitosha.